Mshale Mfupi Kwenye Nane

Mama mshauri, shikamoo. Kabla hujaendelea naomba barua hii iwe siri yako, hata mumeo asiione, na kama ni lazima itoke gazetini basi ubadilishe kila kinachoweza kunitambulisha, kwa sababu mimi ni karani tu katika ofisi ya elimu, bado sijathibitishwa kazini.

Shida yangu ni mtihani. Mwaka huu watoto wetu wa darasa la pili wamefanya mtihani uleule wanaofanya wenzao wa nchi nyingi, umetengenezwa ng'ambo, ukatafsiriwa hukohuko kwa Kiswahili, unafanywa kwenye vishikwambi na mashine ndiyo inayosahihisha, na nisiseme uongo, niliufurahia, kwa sababu shule zetu za mbali zimepata vifaa ambavyo zisingeviona, na mashine haijui mtoto huyu ni wa nani wala haimpendelei mtu. Lakini kuna sehemu ya kusoma saa, na anayeanguka hata sehemu moja tu anarudia darasa, na matokeo yalipokuja nikaona watoto waliofanya vizuri kusoma na kuhesabu wameangukia hapo, shule baada ya shule, nikadhani labda walimu wamelisahau somo.

Jioni nikapita kwa dada yangu. Binti yake yumo katika walioanguka, na huyo ndiye anayeamsha nyumba nzima kila asubuhi, tunamwita Kengele. Nikamkuta amejikunyata nyuma ya mlango.

"Mama mdogo, mshale mfupi ulikuwa kwenye nane, mrefu kwenye kumi na mbili. Nikasema saa mbili. Si ndiyo saa mbili?"

"Ndiyo saa mbili."

"Sasa mbona nimekosa?"

Kesho yake nikafungua majibu ya mashine, nikakuta imeandikwa saa nane. Swali linalofuata mshale uko kwenye moja, watoto wamesema saa saba, mashine inataka saa moja, na sehemu nzima ni hivyo. Aliyetafsiri amehamisha namba kama zilivyo usoni pa saa, hakujua kwamba sisi tunaanza kuhesabu jua likishachomoza, kwa hiyo mtoto aliyefundishwa vizuri ndiye aliyeanguka na aliyebahatisha ndiye aliyefaulu.

Nikaenda kwa mkuu wa kitengo chetu. Hakuinua hata macho. "Mtihani huu unafanywa dunia nzima. Dunia nzima imekosea, wewe karani ndiye umepatia?" Mwenzangu wa meza ya pili akadakia, "Mkuu, mwache, huyo ni wakili wa mishale," wakacheka, na tangu hapo nikipita koridoni naulizwa, "Wakili, saa ngapi?" Mkuu akamalizia kwamba waliotengeneza mtihani wanakuja wiki ijayo kupokea matokeo, mimi nitaandika kumbukumbu za kikao, na asinisikie nikifungua mdomo kuiaibisha ofisi mbele ya wageni. Baada ya kikao, wanaorudia darasa watatangazwa shuleni.

Mkuu huyohuyo ndiye wa kuidhinisha ajira yangu. Nikinyamaza, watoto wanaojua wataambiwa hawajui. Nikisema, huenda nikarudi kukaa nyumbani. Na je, kama wageni ndio wako sawa na sisi ndio tumebaki nyuma?

Nijibu gazetini tu. Usipige simu ofisini, inapokelewa na yule wa meza ya pili. Ukilazimika, nambari iliyo nyuma ya bahasha ni ya dada. Piga jioni, useme unaulizia cherehani, atanipa.

Karani Mwenye Hofu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimebadilisha palipotakiwa, na mume wangu hasomi safu hii, anasema nyumbani anaisikia bure.

Nimechora saa yako nikamwonyesha mhariri. Akasema saa mbili. Mpiga picha naye, saa mbili. Kwa hiyo gazeti zima hili lingerudia darasa la pili! Umepatia, na hatujabaki nyuma popote. Mtoto wa leo atahitaji hesabu zote mbili, ya kwetu na ya tiketi ya ndege, basi afundishwe zote. Kumwangusha kwa ile ambayo hakufundishwa ni kumwonea.

Sasa nikugombeze. Umesoma, ushahidi unao, halafu unaomba ruhusa ya kuona unachokiona? Na wageni umewafanya majini. Wametaka kujua watoto wetu wanajua nini. Matokeo ya uongo hayawafai hata wao. Hakuna aliyewaambia, basi.

Usingoje kikao. Ukimvaa mkuu wako mbele ya wageni, hata mimi ningekufukuza. Ingia kwake asubuhi akiwa peke yake, na usianze na hoja. Chukua saa ya ukutani, weka mishale kama ilivyokuwa kwenye swali, umwulize, "Mkuu, hapa ni saa ngapi?" Kisha funga mdomo. Akishajibu, usicheke! Mpe swali na jibu la mashine, umwombe yeye mwenyewe awafikishie wageni. Sifa mwachie, wewe unachotaka ni majibu yapitiwe upya.

Akikataa, nenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya Kengele, mweleze. Shule ina haki ya kulalamikia matokeo, na karani akipokea malalamiko anayapeleka panapohusika. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya. Utaogopa, ndiyo. Nenda hivyohivyo ukiogopa.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo, kabla hujalala, pita kwa dada yako umtoe huyo mtoto nyuma ya mlango. Mwambie alipatia, waliouliza ndio hawakulielewa jibu lake, na mama yake mdogo anakwenda kuwaeleza.