Moto wa Maabara

Kaka yangu,

Paa limeacha kuvuja, na mdogo wetu kajifungua salama. Ama habari ya mama, keti kwanza.

Mwezi uliopita alinitembelea maabara. Kila asubuhi tunaupima kwa kidole ule mwali wa zambarau, plazma baridi, yaani gesi iliyopitishwa umeme, unaoua vijidudu vya vidonda bila kuunguza ngozi. Naye akaugusa, akacheka: "Moto gani huu, hata chai hauchemshi! Hebu niwekee kwenye kidonda hiki cha mguu kisichopona."

Nikamwambia, "Subiri, mama. Kibali cha kutibu watu hakijatoka."

Kibali kilitoka jana. Mguu wa mama, kidonda kikiwa kimeoza, ulikatwa Jumatatu.

Hajanilaumu, kaka. Kaniuliza tu kama ule moto wangu bado hauchomi.

Nitumie jibu la kumpa.

Ni mimi, mdogo wako