Lugha ya Kompyuta Uliyoitunga, Dada Sekela

Dada Sekela,

Leo nimerudi kutoka semina ya kompyuta huko Njombe nimefura kwa hasira, na mtu wa kumwambia ni wewe tu. Tangu tukuzike kwenu Wanging'ombe nimebaki peke yangu na darasa letu la kompyuta hapa Makambako. Soko huria limetuletea mashine kuukuu za kila aina, lakini mwalimu mwingine kama wewe halijaleta.

Mtaalamu wa semina hiyo ameionyesha lugha yako mbele ya watu. Ile ile uliyoitunga ili mama muuza viazi aiamuru kompyuta kwa Kiswahili. Eti "tulibuni". Alibuni na nani, Dada? Siku ulipoipeleka wewe kwenye semina yao, walikuuliza kama chai iko tayari!

Na ameiharibu. Wewe ulikaa nyuma ya wanafunzi, mikono umeifungia kwenye kanga, usije ukagusa kibodi ya mtu. Mama Neema alipokwama hukumsahihisha, ulikwenda ukabadilisha lugha. "Akikwama yeye, nimekosea mimi," ulisema. Ndiyo maana mashine ilimwambia: "Sijakuelewa hapa, nieleze tena." Huyu bwana ameyafuta hayo, anasema ni maneno ya jikoni. Sasa inaandika: KOSA. UMEKATALIWA. Mama mmoja aliyeitwa mbele kuijaribu aliondoa mkono haraka, akaiomba mashine radhi. Mashine, Dada! Machozi yalinitoka.

Nikasimama. Nikasema lugha hii ni ya Sekela, na utafiti wake ulikuwa kukaa na akina mama hadi ajue wanakwama wapi. Mwenyekiti akanijibu, "Binti, hapa tunajadili sayansi. Mambo ya akina mama yana siku yake." Ukumbi ukacheka. Wanawake wawili nao walicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Baadaye mtaalamu akanifuata nje, mpole kweli, akitaka disketi zako za mwanzo "azihifadhi". Nimemnyima. Nimekosa adabu, najua, na sijutii.

Kwaheri, dada yangu. Pumzika. Nakuahidi, Jumatatu akina mama wa sokoni wakianza, watajifunza lugha yako kama ulivyoiacha, na watajua imetungwa na nani. Mtaalamu naye akiitaka, mlango uko wazi. Kompyuta ni mbili tu, akae kwenye benchi asubiri zamu yake.

Mdogo wako,
Rehema