Bolti Ngumu za Baba Mapacha

Jumatatu, 3 Machi

Bangili yangu ya fedha imekuwa nyeusi tena! Na niliisugua juzi tu. Ni mume wangu huyu, Baba Mapacha, anarudi na gesi ya kiwandani kwenye mikunjo ya ovaroli – hidrojeni salfaidi, mayai viza matupu. Nampenda hivyohivyo, viza na yote.

Maabara yetu, kiwandani humohumo, kimya leo. Nimetoa vipande vya chuma tunavyovitundika ndani ya mabomba, tuone gesi imevila kiasi gani. Nikavigeuzageuza dirishani. Vina zambarau, vina dhahabu… chai ikapoa. Mhandisi akapita akaniuliza niko sayari gani.

Jumatano, 5 Machi

Baba Mapacha karudi anatamba. Bolti za vali kubwa, ile ya kufungia gesi, zilikuwa zimeanza kuliwa, basi kazing'oa zote, kafunga zile ngumu kuliko zote zilizokuwa stoo. Eti sasa hata tembo hazilegezi! Tumecheka. Pacha wa kike akauliza, chuma nacho huota ndoto? Nimelala nalo hilo swali, tamu kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nilikuwa naelea tu mawazoni. Nikajaribu kukunja pini mbili zilizokaa kwenye gesi. Laini, kutu tele – ikapinda. Ngumu, inang'aa – tak! Kama biskuti. Mhandisi akasema ndivyo ilivyo: gesi hii hupenyeza hidrojeni ndani ya chuma, na kigumu ndicho hupasuka, tena ghafla. Nikaitikia kwa kichwa. Nikawa natazama ule mpasuko, unavyometameta…

Bolti! Mungu wangu, bolti!

Nikampigia Baba Mapacha. Yuko palepale kwenye vali. Nikapiga kelele atoke. Akacheka, kicheko kizito, cha mtu aliyeamshwa. Eti nisihangaike, kweli bolti moja imekatika, asubuhi kulinuka sana, lakini sasa hakunuki kitu.

Hakunuki! Siku ya kwanza kazini tulifundishwa sote: gesi ikizidi, pua hufa kwanza, mtu hufuata. Na yeye alikuwepo, kakaa kiti cha mbele.

Mhandisi kakimbia na wenzake na mitungi ya hewa. Mimi nimeambiwa nisikate simu, nimzungumzishe asisinzie. Simu sikioni, kalamu mkononi, naandika kila anachosema. Namwambia ainuke, atembee. Anasema anakuja, ila miguu mizito, akae kidogo.

Usikae, mume wangu, usikae!

Namwuliza lile swali la binti yetu – chuma huota?

Anasema ngoja nifikirie.

Bado anafikiria. Namsikia anapumua –