Taa za Kinamasi

Naro Moru,
9 Juni 1966

Dada Wacera,

Salamu kwa watu wako wote huko Tetu. Ng'ombe mweusi amezaa. Viazi vimekubali pale nilipochimba mtaro nikakausha kinamasi, ila Mama hataki kuvila.

Dada, zile taa zisizo na mwenyewe, zilizokuwa zikielea juu ya maji usiku, hazionekani tena. Unajua Mama aliamini moja ni ndugu yetu Ndiritu, aliyeingia msituni kupigania uhuru asirudi. Bado anaketi mlangoni kila jioni, akiingoja.

Jana nilitarajia anikemee. Aliniuliza tu, "Gatimu, yale maji uliyaelekeza wapi? Nigeuzie kiti nitazame huko."

Nilimgeuzia, nikaenda kukama.

Mdogo wako,
Gatimu