Minazi ya Mwarandu na Mabwana wa Kujirusha

Mkomani, Kisauni,
Mombasa.
14 Machi 1962

Mpendwa Dada Mahfoudha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta wewe na Shemeji Hamdun mu wazima huko Mwanza, na kwamba goti lako limepata nafuu baada ya saumu. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mimi tumbo limezidi, nywele zimepungua. Akili ni ile ile, nayo utaijua ilivyo ukimaliza kusoma.

Kuna karatasi itakujia kutoka klabu ninayofanyia ukarani. Inataka sahihi yako juu ya shamba alilotuachia Baba. Tafadhali usishike kalamu kabla ya kunisikiliza.

Klabu yenyewe ni ya Wazungu wanaopanda ndege, wakafika juu, wakajirusha kwa miavuli. Si vita, si ajali. Ni starehe! Mtu mzima, ana mke, ana viti vya kukalia barazani, Jumapili anatafuta pa kuangukia. Na anayetumwa kumtafutia hapo mahali ni nduguyo, anayeshikwa na kizunguzungu akipanda kibago kutundika pazia.

Tulianza Changamwe. Wenye uwanja wa ndege wakasema hawataki watu waning'inie hewani zinakoshukia ndege zao. Niliwapenda papo hapo. Tukasogea Chaani. Huko Bi Rosalia, mwenye shamba la mihogo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwani ndege imeharibika?"

Nikamwambia nzima.

"Mbona wanaikimbia?"

Nilipanda baiskeli yangu nikarudi.

Likoni ndiko walikoruka kwanza, kwenye uwanda nyuma ya Timbwani. Upepo ukamchukua katibu wa klabu, bwana wa masharubu na maneno mengi, ukamtia mikokoni. Alitoka na tope hadi kifuani. Alipopanda feri, mama mmoja muuza samaki akamsogezea kikapu: "Karibu, baba, kaa na wenzio." Mimi niligeukia baharini, nikajifanya nakohoa.

Hapo ningekoma. Lakini katibu aliniahidi kwamba nikimpatia mahali pazuri atanifanya mjumbe wa klabu, na kunivisha beji. Beji ya shaba, Dada, ina mbawa! Mimi ambaye hata mgomba siupandi. Nikamwambia tuna shamba, nikatia sahihi karatasi ya kuwapa walitumie watakavyo.

Sikumwuliza mtu. Unajua mambo ya shamba lile: mchanga ni wetu, minazi ni ya Mwarandu. Babake aliipanda kwa ruhusa ya Baba, kwa neno la mdomo, wala tangu hapo hakuna aliyemwomba mwenzake karatasi. Na mimi, mtu niliyezaliwa papa hapa, nikaitoa ardhi kana kwamba minazi imesimama juu ya mawingu.

Jumapili iliyopita katibu akaruka, akatua kileleni pa mnazi. Mwavuli ulifunika makuti, yeye akaning'inia chini yake kama kibuyu cha tembo la mnazi, akipiga kelele nimpandie. Mimi! Nikamwita Mwarandu. Akapanda, akamteremsha pole pole kama mtoto mchanga. Bwana yule alipokanyaga chini hakutoa hata asante. Alipangusa koti lake, akasema minazi imezidi. Arobaini ikatwe, uwanja uwe safi. Hayo ndiyo yaliyomo katika karatasi inayokujia.

Mwarandu aliyasikia. Jumatatu nilimwendea, nikamkuta yuko juu akigema. Nikamwambia kutoka chini kwamba nimekwisha kutia sahihi. Kisu chake kikasita.

"Na dadako, ametia?"

"Bado. Yuko Mwanza."

"Basi mwandikie, Bwana Obeid. Akikubali, usiniletee watu na mashoka yao. Njoo na shoka lako, uanze na mnazi huu huu, nami nikiwa juu."

Kisha akaendelea na kazi yake. Wallahi, nilikwenda nyumbani nimeinamisha kichwa, na si kwa sababu ya jua.

Beji nimeirudisha. Katibu alicheka, akasema sahihi yangu haifutiki, iliyobaki ni yako tu, na mwanamke wa pwani hatasumbua. Hakujui.

Dada, utotoni ulinipinga kwa kila neno, nami nikikimbilia kwa Mama kulia. Safari hii nakuomba: nipinge. Nipinge kwa maandishi, kwa herufi kubwa, uitume barua kwa rejista.

Mke wangu Khairiya anakuamkia na kukubusu mikono. Binti yetu Samiha amekuwekea halua ya Idi, ingawa siahidi itasalia. Nisalimie sana Shemeji Hamdun na watoto wote. Mola awafunike kwa rehema yake, na akupe mkono mwepesi wa kuandika.

Nduguyo akupendaye, na mpumbavu wako wa siku zote,

Obeid