Mkono wa Sweta la Kijani

Jumatatu, 16 Desemba 2024

Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio. Ule ukijani chini ya kipepeo wa Evelyn kwenye picha, ambao watu wote wanadhani ni majani, ni mkono wa sweta langu la shule.

Nipo kwenye picha! Nimekatwa tu.

Ilikuwa Jumatano iliyopita. Nachuja mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kipaimara cha jirani, mkono ukatumbukia kwenye pipa mpaka kiwikoni. Kabla sijaukamua, kipepeo akatua. Mweusi, mkanda wa bluu kwenye mabawa, mikia miwili. Akaanza kunyonya sweta. Mimi namjua siku nyingi, huwa anakuja kwenye machicha ya mbege tunayomwaga nyuma ya migomba. Evelyn ndiyo kwanza anamwona. Akaniambia nisitikisike, akatoa simu. Nilikuwa nacheka, mdomo wazi wote.

Mbele za watu namwita dada Eve. Ni mtoto wa baba mkubwa Filemon, wanakaa mjini Moshi, Njoro. Kaja Kibosho kwa Bibi kwa ajili ya likizo. Ana simu. Ana vishimo mashavuni. Ana meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Mimi nina meno ya kahawia, ya maji ya kule Maji ya Chai nilikozaliwa. Hata nikiulizwa jina nafunika mdomo kwa kiganja.

Basi. Picha akaikata, akaitupia kwenye grupu la wapenda wadudu. Leo mtu wa chuo kikuu kampigia simu — Dokta Sifael. Anasema kipepeo huyo hajawahi kupigwa picha kwenye mlima huu. Anakuja Jumatano. Bibi katangaza mpaka kwa muuza mafuta ya taa kwamba Evelyn wetu kagundua kipepeo.

Kagundua! Shuleni kwa Kiingereza tunasema discover. Lugha zote mbili ninazo, na zote mbili jina ni lake.

Jumanne, 17 Desemba

Mwenyekiti wa kitongoji kaja kumpa Evelyn mkono wa hongera. Mimi kanipa kikombe nikakioshe.

Jumatano, 18 Desemba

Dokta Sifael kafika. Mabuti makubwa, sauti ndogo. Kamwamkia Bibi shikamoo mara mbili, ya pili kwa sababu Bibi alijifanya hakusikia ya kwanza. Kauliza huyo kipepeo anapenda nini hasa. Bibi akasema huyo mdudu ni mlevi kama marehemu babu yenu. Wote wakacheka. Dokta alidhani ni utani tu!

Kisha akaonyesha ule ukijani kwenye picha, akauliza ni nini, kama ni zile nywele za kijani zinazoota kwenye magome. Evelyn akaniangalia. Mimi nikaangalia kuku. Akaonyesha ule mti mzee kando ya mfongo, ambao gome lake lote ni kijani kwa maji ya mfereji huo. Wakakaa hapo na kamera mpaka saa za kukamua ng'ombe.

Hakuja. Atakujaje? Kule hakuna kitu cha kunywa.

Na nyuma ya migomba pia hakuna. Machicha yote nimewapa nguruwe asubuhi. Nimezoa mpaka udongo. Jioni Bibi kaniuliza mbona nguruwe wamelala kifudifudi na hawataki majani. Nikasema joto.

Alhamisi, 19 Desemba

Mambo yamegeuka! Kwenye grupu kuna mtu kaandika kwamba ile picha imetengenezwa na kompyuta, hakuna mdudu wa hivyo. Wengine wakadandia. Eti binti wa Moshi anatafuta umaarufu. Eti hata hayo majani hayafanani na majani. (Hapo wako sahihi.)

Dokta alikuwa mpole. Alimweleza Evelyn mbele yetu, kwenye benchi la jikoni. Anahitaji picha nzima, ambayo haijakatwa, ionekane kipepeo alikuwa mahali pa kweli. Au picha nyingine, inayoonyesha upande wa chini wa mabawa. Bila mojawapo, huyu haandikwi popote. Na yeye anashuka kesho mchana.

Evelyn akasema picha nzima ameifuta.

Mwongo! Jana nilimkuta kitandani anaiangalia. Niliona paji langu la uso kabla hajaigeuza simu. Kwa hiyo yuko radhi aitwe tapeli kuliko mimi nionekane pembeni ya kipepeo wake. Hataki kugawana hata mdudu.

Basi akose. Nimefurahi. Nimefurahi mpaka mtori umenishinda, na ulikuwa na nyama.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimetoka kumpelekea ng'ombe majani. Mzigo bado kichwani, nikasikia mtu analia nyuma ya banda. Evelyn. Na Bibi yuko naye.

Bibi alikuwa anamgombeza, kwamba kama hiyo picha ipo ampe huyo baba wa watu aende zake, kulia hakumleti kipepeo. Evelyn akasema ipo lakini hawezi. Bibi akauliza kwa nini.

"Nilimwahidi Salvi, Bibi. Alisema nikimrusha mtandaoni na yale meno yake, shule harudi tena."

Nilisema hivyo. Ni kweli nilisema! Siku ile ile, mkono bado unachuruzika mbege, nilishika simu yake nikamwapisha kwa Mama Maria. Sikuwa nimesahau. Niliamua tu kukumbuka alivyonikata, siyo kwamba mimi ndiye niliyemtuma.

Bibi hakumgombeza tena. Kasema, "Basi kaa na ahadi yako, na kamasi ufute."

Evelyn angeniuliza tu kama nimebadili mawazo. Angeniuliza ningekataa. Ndiyo maana hakuuliza.

Bado namwonea wivu, nisijidanganye. Hata kulia analia vizuri. Mimi nikilia navimba kama andazi.

Ijumaa hiyo hiyo, mchana

Niko stoo, kwenye pipa la ndizi zinazochachuka kwa mbege ya Krismasi. Nimevaa sweta la shule na likizo hii! Nimechovya mkono wa kushoto mpaka kiwikoni, nikakaa chini ya dirisha. Nilijua hatakuja. Nimemnyima chakula siku mbili.

Amekuja.

Yuko hapa sasa hivi. Naandika kwa mkono wa kulia, polepole, daftari juu ya goti. Amekunja mabawa. Upande wa chini ni fedha! Mistari ya fedha na madoa ya rangi ya chai, kama — kama meno yangu, jamani. Kabisa. Na ni mzuri.

Upande huu hakuna aliyeuona ila mimi. Nje nasikia Dokta anapakia vitu kwenye gari. Mlango mmoja umefungwa. Wa pili. Nikinyamaza kidogo tu, anabaki kuwa wangu. Peke yangu. Miaka yote.

Nimeita. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili imetoka kubwa mpaka kipepeo ametikisika.

"Dada Eve! Njoo stoo. Njoo na simu."

Hajaruka. Anakunywa.

Nasikia malapa yake uwanjani, anakimbia. Nyuma yake mabuti. Namsikia anamwambia Dokta asubiri kidogo hapo nje, aingie yeye kwanza. Najua kwa nini. Ataniuliza: mkono peke yake, au picha nzima?

Na mimi nacheka. Sijui nacheka nini, mdomo umejifungua wenyewe. Mkono mmoja anao kipepeo. Nimebaki na mmoja tu — ama nifunike mdomo, ama nifiche hili daftari chini ya gunia. Komeo linagongwa. Daftari. Naficha daft