Chetezo Chako na Wapangaji wa Ghorofani

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Wewe ulikuwa ukiitikia marahaba kabla mtu hajamaliza, kana kwamba unamwahi, na hadi leo nikimwamkia mtu mzima nasikia uitikio wako mbele ya wake. Nakuandikia kwa kuwa nimechanganyikiwa, na tangu utotoni nilipochanganyikiwa nilikuja kwako. Tabu ya safari hii ni kwamba aliyenichanganya ni wewe.

Niko chumbani kwako. Nilihamia baada ya arobaini yako, na kaka Salimu hakufurahi. Alisema mwanamke aliyeachika hana la kufanya kwenye ghorofa la mjini lililojaa vijana wa kupanga, na kwamba kwake Chumbageni kuna chumba kinaningoja. Nikamwambia nitakaa kidogo, nipange vitu vyako, kisha nitakwenda. Vitu vyenyewe vichache. Nimevipanga, nikavipangua, nikavipanga tena, na bado nipo, na kaka bado anauliza.

Vijana ulishaanza kuwaona mwenyewe, ila sasa ndio wameijaza nyumba. Chini, palipokuwa na duka la vitambaa, wanauza kahawa ya baridi yenye barafu. Ungeuliza kahawa imemkosea nani hata akaiacha ipoe. Juu huku kila chumba kina mtu wake: wa ofisi za bandarini, wa chuo, wa kuuza nguo kwa simu. Wanasema wanapenda upepo wa bahari na dari ndefu. Wanapigana picha kwenye roshani, pale pale ambapo mimi nilichapwa kwa kuegemea. Wakishazoea, wanahama, wanakuja wengine.

Kamba yako ya kikapu bado ipo. Unakumbuka ulivyokuwa ukimshushia muuza samaki kikapu, ukabishana naye kutoka juu mpaka mtaa mzima ukajua bei ya changu? Siku hizi wanashusha kikapu hicho hicho kwa bodaboda, kinapanda na chipsi mayai. Mara ya kwanza nilipoona nilicheka peke yangu, kisha nikakasirika, kisha sikujua nimekasirikia nini.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni chetezo.

Kila Alhamisi baada ya Alasiri ulikuwa ukipuliza makaa kwenye kile chetezo cha udongo, kilichomegeka mdomo, ukatia ubani, ukapita nacho nyumba nzima. Mimi nilikufuata nyuma nikishika ncha ya kanga yako. Hukupita ovyo. Ulianzia kwenye mlango wa mpangaji aliyeingia mwisho, ukaja chumba kwa chumba, ukamalizia kwetu. Nilikuuliza kwa nini sisi tupate moshi uliokwishachoka. Ukaniambia, "Moshi huanza kwa mgeni, mwanangu. Mwenyeji hupata uliobaki." Hata wale Wagoa wa chumba cha mbele, wenye msalaba juu ya mlango, walifungua. Ulisema ubani hauulizi dini ya mtu.

Nilipohamia, kitu cha kwanza nilichokitafuta ni hicho. Nilitafuta uvunguni, nyuma ya kabati, jikoni, hadi kwenye pipa la mchele. Kaka akasema vyetezo viko tele sokoni. Kweli viko, lakini mimi nilikitaka kile. Nilijiambia nikishakipata nitakifunga vizuri, nitakichukua, nitakwenda Chumbageni roho yangu imetulia. Basi Alhamisi zikawa zinapita bila ubani. Nilijipa na sababu nyingine, kwamba vijana hawa wataulalamikia moshi. Ukweli ni kwamba sikumwuliza hata mmoja.

Kisha Alhamisi moja, nimekaa kwenye cherehani nakunja pindo la gauni la mteja, nikasikia harufu. Nikadhani ni nguo zako, maana kabati likifunguliwa huwa hivyo. Lakini harufu ikazidi, na mlango ukabishwa hodi. Nikafungua. Rehema, yule binti wa Maramba aliyepanga chumba cha kona, amesimama na chetezo chako mkononi, makaa yamekolea.

Akasema, "Samahani dada, naanzia kwako. Wewe ndiye mgeni."

Mgeni! Shangazi, mimi niliyeletwa hapa na umri wa miaka saba, niliyeng'olea meno ya utoto kwenye ngazi zile. Nilisogea akaingia, akazungusha moshi pembe zote nne kama ulivyokuwa ukifanya wewe, hata kule kuinama kidogo chini ya dirisha, akatoka. Nilibaki nimesimama na sindano mkononi. Nilijihisi nimeibiwa, na mwizi amenipa baraka.

Kesho yake nilimfuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, wewe wanijua. Akanikaribisha kitandani kwake, maana kiti hana, akanisimulia taratibu. Kwamba magoti yako yalipokataa, yeye alikuwa akikubebea chetezo na wewe unamwelekeza ukiwa umekaa mlangoni. Hilo hukunambia. Nilikuwa nakuja kila Ijumaa na sambusa zangu, harufu naikuta imeshatanda, nikadhani ni wewe. Kwamba kabla ya kulazwa ulimwambia akae nacho. Na kwamba nilipohamia alikaa kimya akiningoja mimi nianze, kwa kuwa mimi ndiye mtu wako, na si adabu kumtangulia mwenye maiti.

"Nikaona huanzi," akasema. "Nikaona na mwezi mtukufu umepita kavu. Ndipo nikaanza."

Basi Shangazi, yeye ananingoja mimi, mimi natafuta uvunguni, na kati yetu ukuta mmoja. Adabu ya kwetu hii, mara nyingine itatuua.

Nikamwuliza kwa nini hakunipa tu siku ile nilipofika. Akatazama chini, akachezea ukingo wa shuka.

"Alisema nisikupe. Alisema wewe utakitunza."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Kuna siku nayaona ni sifa, na kuna siku naona ni kofi. Kutunza kumekuwa kosa tangu lini? Si wewe uliyenifundisha kuzikunja kanga zako na karafuu katikati? Lakini nikiwa mkweli najua ningekifanya nini. Ningekifunga kwenye kitambaa, ningekiweka juu ya kabati la Chumbageni, ningekitoa nikitaka kulia. Makaa yasingekigusa tena. Ulinijua, na kujuliwa kiasi hicho kumenikera. Nilitaka kukuuliza kama ulimpenda Rehema kuliko mimi, swali la kitoto, na mtu wa kuuliza hayupo. Nimebaki na hasira isiyo na pa kutua, na juu yake nakukumbuka mpaka kifua kinauma.

Alhamisi ziliendelea. Rehema aliendelea kuanzia kwangu, mpaka alipoingia Eliya, mwalimu kijana wa Lushoto, akachukua chumba kilicho karibu na ngazi. Hapo moshi ukaanzia kwake, mimi nikawa wa pili. Utaniona mjinga, lakini nililiona, na lilinifurahisha.

Mwezi huu Rehema ameposwa, anakwenda kuolewa Pangani. Juzi alikuja na chetezo kimefungwa kwenye kanga, akakiweka kwenye meza yangu ya kushonea.

"Shangazi hakunambia habari za baadaye," akasema. "Mimi naondoka. Ukikitaka, kichukue. Usipokitaka, niambie nimpe nani."

Nilikifungua. Nilipitisha kidole pale palipomegeka. Shangazi, kilikuwa changu. Yale yote niliyoyatafuta yalikuwa mezani, na hakuna wa kunizuia, hata wewe. Begi langu lipo nyuma ya mlango tangu siku niliyofika. Nilikikamata kwa mikono miwili, kizito kuliko nilivyokumbuka, na nikajisikia nikisema, "Mpe Eliya."

Mpaka leo sijui nani alisema vile. Rehema alipotoka nilikaa sakafuni nikalia, na gauni la mteja likachelewa. Nilijiuliza nimekutii au nimekupoteza mara ya pili. Kijana wa watu hajapata kukuona, hajui hata jina lako, na mwakani atakuwa amehamia Raskazone au Dar. Nimempa nini, na kwa nini?

Jana ilikuwa Alhamisi. Baada ya Alasiri nilizima cherehani nikasikiliza. Eliya ametia ubani mwingi kupita kiasi, kila mtu anakohoa. Nikamsikia anaanza chumbani kwake mwenyewe, kisha anabisha hodi kule mbele, anacheka na wenzake, anajieleza. Mlango baada ya mlango, na wangu anaupita. Nikasema moyoni, kumbe hata wa pili si wangu tena, wamenisahau. Kisha hatua zikarudi, na hodi ikapigwa kwangu, mwisho wa wote. Amesimama pale, macho mekundu kwa moshi, makaa yamekwisha kufifia.

"Shikamoo, mama. Dada Rehema kaniambia nianze kwa mgeni, ambaye ni mimi, nimalizie kwa mwenyeji. Wote huko wamesema mwenyeji ni wewe. Ila moshi umebaki kidogo tu."

Nikamwitikia marahaba kabla hajamaliza. Nikamwambia hicho kidogo ndicho changu, aingie.

Kaka nitampigia leo, chumba kile ampe mtu mwingine. Akiniuliza sababu, sina ya kumpa, bado sijaielewa. Pumzika, Shangazi. Mungu akulaze pema, nami nikae ulikoniacha.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, mpangaji wa chumba chako.